JICHO LA FUNDI NA BERINGI ILIYOKWAMA

Ndugu Wanachama,

Mwezi huu hatuanzi na habari za mishahara wala za mikutano. Tunaanza na kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni beringi ya gurudumu la gari. Msicheke. Kitu hiki kidogo kimewatoa damu mafundi wengi, na wengine kimewapunguzia mshahara, nasi twaona ni wajibu wa karatasi hii kusema wazi juu yake.

Kila mtu aliyefanya kazi ya gereji anaijua habari yenyewe. Gari linaletwa asubuhi, gurudumu la nyuma linanguruma. Unalinyanyua, unalishika juu na chini na kulitikisa, nalo linacheza. Beringi imekufa. Unafungua habu, habu inatoka, lakini pete ya ndani ya beringi imebaki nyuma, imeng'ang'ania ekseli kwa kutu. Unamwendea msimamizi kuomba pula. Anajibu: "Pula ilivunjika mwaka jana. Wewe si fundi? Tumia akili. Mwenye gari anarudi saa kumi." Kisha anakuonyesha nyundo.

Mwandishi wa maneno haya alikuwa kijana wa spana katika gereji moja zamani, alipoona kwa macho yake mwisho wa jambo hili. Mzee wetu wa kazi, mtu mwenye mikono mizuri kuliko sisi sote, alipewa nyundo hiyo na patasi ambayo kichwa chake kilikuwa kimepanuka kama uyoga. Miwani ya kukinga macho haikuwako. Alipiga mara tatu. Mara ya nne kipande cha chuma kisichozidi punje ya mchele kiliruka na kumwingia jichoni. Tulimpeleka hospitali kwa matatu, tumemfunga kitambaa. Jicho lile halikuona tena. Mwisho wa mwezi tajiri alimkata pesa za habu iliyopasuka, akasema Mzee alikuwa mzembe. Nasi tulinyamaza, kwa sababu hatukujua sheria, na kwa sababu tuliogopa.

Leo hatutaki mtu anyamaze tena. Kwa hiyo tutasema mambo mawili. Kwanza, jinsi ya kuitoa beringi iliyokwama bila vyombo maalum na bila kujiumiza, maana twajua wengi wenu kesho asubuhi mtakutana nayo. Pili, nani anayepaswa kulipa gharama ya kukosa vyombo hivyo.

JUU YA KAZI YENYEWE

Anza na gari, usianze na beringi. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu mengine yawekewe vizuizi mbele na nyuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kushikilia. Weka stendi, na kama stendi hakuna, weka magogo mazito ya mbao yaliyopangwa kwa kupishana. Usitumie matofali ya saruji, kwa sababu hupasuka ghafula bila kuonya. Gari litakalopigwa nyundo litatikisika, na gari linalotikisika juu ya jeki peke yake litaanguka.

Kisha tazama kabla ya kupiga. Beringi nyingi zinazosemwa kuwa zimekwama hazikukwama hata kidogo. Zimeshikwa na klipu ya pete iliyofichwa na kutu na uchafu ndani ya mfereji wake. Safisha kwa brashi ya waya, angalia kwa taa pande zote mbili, toa klipu kwanza. Tumeona habu nzima ikivunjwa kwa nyundo kwa sababu ya klipu moja ambayo hakuna aliyeitazama.

Tia mafuta ya kulainisha kutu, halafu uyape muda. Dakika tano hazitoshi. Yakilala usiku mzima hufanya kazi ambayo mikono haiwezi. Jihadhari yasifike kwenye viatu vya breki wala diski. Wala usisafishie petroli, maana mvuke wake hutambaa chini na kuutafuta moto ulipo.

Baada ya hapo njia zinatengana, kwa kutegemea ni pete gani iliyokwama.

Ikiwa ni pete ya nje, iliyobaki ndani ya habu, iondoe habu kwenye gari na uilaze juu ya mbao mbili. Tazama ndani: habu nyingi zina mapengo mawili yaliyoachwa makusudi nyuma ya pete. Weka hapo kipande cha shaba au chuma laini, ugonge kidogo upande huu, kisha kidogo upande wa pili, na kuendelea hivyo. Ukigonga upande mmoja tu, pete italala mshazari na kujikaza zaidi, nayo itakwaruza tundu la habu.

Ikiwa habu ni ya alumini, joto litakusaidia. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara 2 kuliko chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kabla pete haijaifuata. Pasha habu kuizunguka, wala usielekeze moto kwenye pete. Joto la kama digrii 100 latosha. Ukidondosha tone la maji juu ya habu likachemka mara moja, umefika. Lakini moto usikaribie raba za beringi. Baadhi ya raba hizo zikiungua kwa moto mkali hutoa moshi wenye sumu, tena mabaki yake huunguza ngozi.

Mwenzetu mwenye mashine ya welding anayo njia nyingine. Akizungusha mstari wa welding upande wa ndani wa pete ya nje, pete hiyo ikipoa hujikunja na mara nyingi hutoka kwa mkono. Ni njia nzuri kwa pete itakayotupwa, lakini habu iwe imetolewa kwenye gari na grisi yote imefutwa, maana grisi hushika moto.

Ikiwa ni pete ya ndani, iliyong'ang'ania ekseli, hapo ndipo penye hatari ile iliyompata Mzee wetu. Chuma cha beringi ni feleji iliyokazwa sana. Haikunjiki, huvunjika, na ikivunjika vipande vyake huruka kama risasi. Kwa hiyo usiipige moja kwa moja kwa nyundo. Chukua grainda yenye kifuniko chake, ukate mfereji mmoja juu ya pete, karibu kuimaliza lakini usifike kwenye ekseli. Acha unene mdogo kama wa kucha. Kisha funika pete kwa kitambaa kizito, weka patasi kwenye mfereji, ugonge mara moja au mbili. Pete itapasuka na kulegea. Kitambaa ni cha kuvizuia vipande, na miwani ni ya kukinga jicho kwa vile vitakavyopita. Hata mwenzako anayesimama karibu kukuangalia avae miwani, au aondoke.

Patasi yenye kichwa kilichopanuka isiguswe mpaka isagwe kingo zake, kwa kuwa kingo hizo nazo huruka. Wala nyundo isipigwe juu ya nyundo nyingine, kwa sababu vyuma viwili vilivyokazwa havipatani.

Iko njia moja ambayo twaipenda kuliko zote, kwa sababu haina kupiga. Ni pula ya kujitengenezea. Tafuta chuma kirefu chenye uzi, nati mbili, washa nene, kipande cha bomba kipana kuliko beringi, na bamba nene lenye tundu katikati. Chuma kinapita katikati ya beringi. Upande mmoja inakaa washa inayotosha kuingia ndani ya tundu la habu lakini isiyopita katika beringi. Upande wa pili unakaa bomba, ukiegemea mwili wa habu, na bamba juu ya bomba. Tia grisi kwenye uzi, ukaze nati polepole kwa spana. Beringi inavutwa taratibu na kuingia ndani ya bomba. Ikikataa, ipashe habu kidogo ukaze tena, wala usirefushe spana kwa bomba mpaka uzi ukatike. Na unapokaza, usisimame mbele ya chuma hicho. Mafundi wa vyuma wa Kamukunji, Nairobi, na wa kila mji wanaweza kukutengenezea vipande hivi kwa siku moja.

Neno moja la kurudishia. Beringi mpya ikiingizwa ndani ya habu, sukuma pete ya nje. Ikiingizwa juu ya ekseli, sukuma pete ya ndani. Ukisukuma pete isiyo yake, nguvu yote inapita katika gololi, na beringi imeharibika kabla gari halijatoka mlangoni. Pete ya zamani, ikisagwa kidogo kwa nje ili isikwame, ni chombo kizuri cha kusukumia. Na katika magari mengi ya siku hizi upande mmoja wa beringi una sumaku nyembamba inayosomwa na kipimo cha breki. Upande huo hauelekei popote tu, unaelekea kipimo, wala haugongwi.

JUU YA HAKI

Sasa, Ndugu, tufikie neno lenyewe. Mtu aweza kutuambia: "Kama njia zote hizi zipo, basi fundi haitaji vyombo." La. Soma tena hapo juu. Kila njia inahitaji miwani, stendi, grainda yenye kifuniko, patasi nzuri na muda wa kutosha. Hakuna hata njia moja isemayo: chukua nyundo, umalize kabla ya saa kumi.

Akili ya fundi ni mali. Twajivunia. Lakini tumeona sifa hiyo ikigeuzwa kuwa mtego. Mwajiri hanunui pula kwa sababu anajua fundi ataona haya kusema hawezi. Pesa ambazo tajiri ameziokoa kwa kutonunua chombo hazikupotea hewani. Zimelipwa na mtu mwingine, kwa vidole vyake, kwa mgongo wake, na mara nyingine kwa jicho lake. Huo si ujanja wa biashara, ni deni lililoandikwa katika daftari la mtu asiyekopa.

Tena sheria iko upande wetu, na kila mwanachama aijue. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke vyombo na njia za kazi zisizo na hatari, na atoe vifaa vya kumkinga mfanya kazi. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wawakilishi wa wafanya kazi wanakaa humo pamoja na wa mwajiri. Kifungu cha 14 kinasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi mara moja, na mwajiri asimrudishe mahali hapo hatari ikiwa ingalipo. Na kifungu cha 8 kinakataza kumfukuza au kumtesa mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama.

Juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri akate kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa, ikiwa uharibifu huo ni kosa la kukusudia la mfanya kazi. Angalieni neno hilo: kukusudia. Fundi aliyepewa nyundo mahali pa pula, habu ikapasuka, hakukusudia. Aliyekusudia ni yule aliyejua pula imevunjika tangu mwaka jana akanyamaza.

Na mtu akiumia, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, haimlazimu athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Ameumia kazini, anastahili fidia. Hata mwanafunzi wa kazi aliye na mkataba wa kufundishwa amo. Lakini lazima ajali ijulikane. Mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, kwa mdomo au kwa maandishi, mbele ya shahidi. Mwajiri naye ana siku 7 tangu alipoarifiwa kumpelekea habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yenyewe yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mzee wetu alingoja tajiri amwonee huruma. Ndugu, usingoje huruma, andika barua.

JUU YETU SISI WENYEWE

Tusiwaseme matajiri peke yao. Sheria hiyo hiyo ya usalama, kifungu cha 13, inamtaka mfanya kazi avitumie vifaa vya kinga alivyopewa. Ziko gereji ambamo miwani imenunuliwa, nayo inaning'inia ukutani imejaa vumbi, kwa sababu fundi anaona kuivaa ni uoga na vijana watamcheka. Fundi wa namna hiyo anamfundisha kijana wa spana upofu. Kijana hafuati maneno yako, anafuata mikono yako. Akikuona umepiga pete bila miwani mara mia bila kuumia, ataamini kwamba mara ya mia na moja haipo.

Tena tuache kusema "mimi najua kazi yangu" mbele ya msimamizi, halafu kulalamika nyuma ya gari. Mtu mmoja akiomba pula ataambiwa ni mvivu. Mafundi kumi wakiiomba kwa barua moja, hilo ni jambo la kujibiwa.

Nao ndugu zetu wa jua kali, ambao hawana tajiri na sheria ya fidia haiwafikii, wasijione wameachwa. Mafundi sita wanaofanya kazi chini ya mti mmoja wanaweza kuchanga na kununua pula moja, stendi mbili na miwani sita, viwe vya wote, na mmoja awekwe kuvitunza. Tumezoea kuchangia mazishi na harusi. Tuchangie na macho yetu yangali mazima.

Kwa hiyo Chama kinawaomba wanachama wa kila gereji wafanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Kwanza, andikeni orodha ya vyombo vilivyovunjika au visivyokuwako, pula, stendi, miwani, kifuniko cha grainda, na tarehe ambayo msimamizi aliambiwa. Pili, orodha hiyo ipelekwe kwa kamati ya usalama, au kama kamati haipo mahali penye watu 20, tupeni habari hiyo ya kutokuwako kwake. Tatu, kila aliyekatwa pesa kwa kitu kilichovunjika kazini alete karatasi yake ya mshahara kwa mwakilishi wa Chama. Tutaisoma pamoja naye.

Siku moja msimamizi atakuja tena na nyundo mkononi na kusema: "Tumia akili." Siku hiyo, Ndugu, ndipo uitumie kwelikweli. Weka nyundo chini, vaa miwani, umwambie kwa heshima: "Bwana, kazi hii nitaifanya, na nitaifanya vizuri. Pula iko wapi?" Kisha wenzako wote walio katika gereji waache spana zao kidogo, wasikilize jibu.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI